Waya wa Taa katika Hoteli ya Nduta Ndegwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Kituo cha polisi, Gatina, Kawangware
Jina: Fahima Farajallah Marjan
Umri: Miaka sitini na minane
Kazi: Mwalimu mstaafu wa shule ya msingi
Makazi: Lindi, Kibera
Tarehe: Jumanne, 14 Oktoba 2025
Mbele ya: Koplo Angeline Omolo

Kabla ya yote naomba radhi kwa ukimya wangu. Koplo Angeline alinipigia simu siku ya pili baada ya ajali, na tangu hapo nimekuwa nikimwahidi kwamba nitakuja. Sikuja. Alhamisi iliyopita nilifika hadi kwenye lango la kituo hiki, nikasimama penye ubao wa matangazo, kisha nikageuka nikarudi Kibera. Sikunyamaza kwa sababu nimesahau, wala kwa sababu ninamwogopa mtu. Nilikuwa ninamsubiri Ramzy aseme mwenyewe. Hajasema, nami nimeelezwa kwamba Ijumaa jalada litapelekwa kwa kiongozi wa mashtaka. Siwezi kusubiri zaidi.

Ramzy Sebit ni mtoto wa mdogo wangu, Suad. Ana umri wa miaka ishirini na sita, na ni fundi wa umeme. Watu wa Lindi na wa Soko la Toi wanaijua kazi yake. Nduta Ndegwa, ambaye wengi humwita Mama Tabby, ana hoteli ya chai na chapati hapa Gatina, chini ya jengo la vyumba vya kupangisha. Ramzy amewaambia polisi kwamba alimkataza Nduta kuigusa mita ya umeme, na kwamba Nduta aliingiza tokeni, yaani namba za umeme wa kulipia kabla, kwa makusudi wakati yeye ameshika waya, kwa sababu walikuwa wamegombana. Kwa maneno hayo Nduta alilala seli usiku mmoja. Sasa yuko nje kwa dhamana ya polisi, na hoteli yake imefungwa. Mimi nilikuwepo. Nitaeleza nilichokiona na nilichokisikia. Nisichokijua nitasema sikijui.

Taa inayohusika ilining'inia katikati ya hoteli. Suad husuka tabaga, yaani kawa zetu Wanubi za kufunikia chakula, za ukindu uliotiwa rangi. Mwaka jana Nduta aliiona moja Soko la Toi, akaipenda, akasema anataka kama ile iwe kivuli cha taa. Suad alimcheka, lakini akamsukia nyingine kubwa zaidi, na Ramzy akaitundika. Waya alioutumia ulikuwa mwembamba. Tabaga ni nzito kuliko inavyoonekana, na ile ilikaa karibu na karai la mandazi, ikanywa moshi na mafuta, ikazidi uzito. Kufikia Agosti ngozi ya waya ilikuwa imepasuka karibu na kishikio cha balbu, na taa ikawa inazimika na kuwaka yenyewe. Nduta alipiga simu akiomba waya ubadilishwe. Kila alipopiga, Ramzy alimjibu kwamba yuko njiani. Mwishowe Nduta aliishusha tabaga, akamtumia Suad aifue mafuta.

Mnamo Jumamosi, tarehe 27 Septemba 2025, mimi na Ramzy tuliondoka Lindi baada ya chai ya asubuhi, tukafika Gatina saa nne na dakika chache. Nilifuatana naye kwa sababu tabaga, ikishafuliwa, lazima ishonwe tena kwenye pete ya chuma inayoibeba, na hiyo ni kazi ya sindano ndefu na mikono miwili. Goti la Suad halimruhusu kusafiri. Ramzy alibeba begi la vifaa. Mimi niliibeba tabaga.

Nduta alikuwa mlangoni. Nimemwomba afisa aandike maneno ya watu jinsi walivyoyasema, ingawa mimi nisingeyasema hivyo.

Nduta alisema, "Ramzy, kumbe uko hai. Nilikuwa nimeanza kuchangisha ya matanga."

Ramzy alisema, "Niaje mathe. Si nilikushow niko njiani."

"Njia ya mwezi mzima? Ulipitia Sudan kusalimia babu?"

Watu waliokuwa ndani walicheka. Ramzy pia alicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa babu zetu wamezikwa Kibera, lakini sikuona ubaya wa kugombania. Kisha Nduta akasema, "Leo usipomaliza, nitakufungia humu ulale na taa yako." Ramzy akamjibu, "Poa tu, bora kuna chapo."

Afisa ameniuliza kama hayo yalikuwa matisho. Nimefundisha watoto zaidi ya miaka thelathini, na sauti ya mtu mwenye hasira ninaijua hata nikiwa darasa la jirani. Nduta aliyasema maneno hayo huku akimmiminia Ramzy chai. Mimi alinipa kiti cha karibu na dirisha ili nione tundu la sindano. Hakukuwa na ugomvi mwingine wowote. Kama upo ninaoambiwa nilipitwa nao, basi ulitokea mahali ambapo hatukuwa.

Hapakuwa na umeme hotelini. Tokeni zilikuwa zimeisha asubuhi ile, na Nduta alisema hakununua nyingine kwa sababu fundi anakuja. Hapa ni lazima nieleze desturi ambayo afisa anaifahamu, lakini huenda hakimu asiifahamu. Kwetu, tokeni zikiisha, hakuna anayezunguka akizima swichi. Kila kitu huachwa kama kilivyokuwa ili umeme ukirudi watu wajue umerudi. Redio ya Nduta, iliyo juu ya kabati la vikombe, ilikuwa imenyamaza lakini haikuwa imezimwa. Swichi ya ile taa, iliyo kando ya mlango, ilikuwa imewashwa. Niliiona kwa macho yangu, nikauliza.

Nilisema, "Ramzy, swichi umeizima?"

Alisema, "Mama Mkubwa, swichi ni ya nini na token zimeisha? Hii waya hata nikiilamba, hakuna kitu."

Nduta akamwambia asiilambe, itamharibia ladha ya chapati.

Ramzy alipanda juu ya meza. Alifungua kikombe cheupe cha plastiki kilichoshikilia waya darini, akalegeza skrubu, akautoa waya wa zamani. Aliukata mpya, mnene zaidi, akaziambua ncha zake kwa meno, jambo ambalo nimemkataza tangu akiwa mwanafunzi. Alizifunga ncha za juu darini, kisha akafunga kishikio cha balbu upande wa chini. Alitia balbu. Tabaga ilikuwa bado mapajani mwangu, kwa maana ilikuwa ishonwe kwenye pete kwanza. Ramzy alishuka, akajipangusa mikono, akaiangalia kazi yake. Ilikuwa kazi safi.

Hapo ndipo aliposema maneno yanayobishaniwa. Alimwambia Nduta hivi: "Mathe, weka token sasa nicheki kama inashika."

Niliyasikia. Kati yangu na yeye palikuwa na meza moja. Hakumkataza kuigusa mita. Hakumwambia asubiri. Alimwambia aweke tokeni.

Nduta alijifuta unga mikononi, akachukua simu, akatoka. Mita iko nje, kwenye ujia ulio ubavuni mwa jengo, ndani ya kizimba cha chuma chenye kufuli. Kwanza ilimbidi anunue tokeni kwa simu, na ujumbe wenye namba haukuingia haraka. Nilimsikia akiita kutoka ujiani, "Bado meseji haijakam." Ramzy akajibu kwa sauti ya kusikika, "Haina shida, take time." Kwa hiyo Ramzy alijua Nduta yuko wapi na anafanya nini.

Tukiwa tunasubiri, mteja mmoja aliinuka kutaka kutoka. Anaitwa Sifuna, ni dereva wa boda boda, na ni mtu mrefu. Balbu ilimgonga kwenye paji la uso. Alisema, "Fundi, hii umeipimia nani? Na bado hamjaweka hiyo kikapu. Itanitoboa macho." Watu walicheka tena. Ramzy naye alicheka, akasema ataipandisha kidogo, ni kazi ya dakika moja. Akapanda mezani, akakifungua kile kikombe cha darini, akaanza kulegeza skrubu ili aufupishe waya. Hakuita nje. Hakugusa swichi. Nilimwona akipanda. Sikuwa na wazo la kumzuia, kwa sababu alikuwa akitenda kama alivyotenda mwanzo, na mwanzo hakukuwa na lililotokea.

Saa sikuitazama, kwa hiyo sitaitaja.

Redio ndiyo iliyotangulia. Ilianza katikati ya tangazo la sabuni, kwa sauti kubwa. Niliinua macho kuitazama redio, na hilo ndilo jambo ninalolirudia kila ninapolala, kwamba nilitazama redio kwanza. Nilipomtazama Ramzy, mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjika kwenye waya, na mdomo wake ulikuwa wazi bila sauti. Sifuna alishika stuli ya plastiki akamsukuma nayo kiunoni. Ramzy alianguka na waya wake, akapigiza bega kwenye benchi, akalala sakafuni.

Wakati huo huo Nduta aliingia akiwa ameinua simu. Alisema, "Imeingia." Alikuwa akitabasamu. Alipoona, alirudi nje mbio kuuzima umeme penye mita, na redio ikanyamaza. Ninaueleza uso wake kwa sababu nao ni ushahidi. Ulikuwa uso wa mtu aliyetumwa, akarudi na alichotumwa.

Tulimpeleka Ramzy hospitali kwa gari la jirani. Nduta aliketi nyuma, kichwa cha Ramzy kikiwa mapajani mwake, akiliita jina lake njia nzima ili asilale. Mimi niliketi mbele na sikuweza kugeuka. Nduta hakuondoka hospitalini hadi Suad alipofika akisaidiwa kutembea. Suad alimwuliza mwanawe ni nini kilichotokea. Ramzy alijibu, "Aliweka stima nikiwa juu." Hilo ni kweli. Aliiweka, na Ramzy alikuwa juu. Kwamba Nduta alikuwa amekatazwa, neno hilo lilikuja siku ya pili, nami sikuwepo liliposemwa. Sijui kama ni lake mwenyewe au kama kuna aliyemwongezea. Sitakisia.

Bega lake limefungwa. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimeungua hadi ndani, na daktari hajasema kama vitabaki. Fundi asiye na vidole hivyo atashikaje bisibisi? Ninaelewa kwamba mtu aliyelala na swali kama hilo anatafuta wa kumlaumu. Kuelewa si kukubali.

Tangu nilipoyasikia maelezo yake sijatulia. Nimetembea kutoka Lindi hadi Toi na kurudi, asubuhi na jioni, bila kununua kitu. Wauza nguo wameacha kuniita. Nikiketi, ninainuka. Hata sasa nimeinuka, na afisa amekuwa mvumilivu.

Jumapili ya kwanza ya mwezi huu nilikwenda wodini. Nilimkuta Ramzy peke yake. Aliniangalia kabla hatujasalimiana vizuri.

Alisema, "Mama Mkubwa, wewe ulikuwa unashona, si ndiyo?"

Nilisema, "Nilikuwa ninashona. Masikio hayashoni."

Aligeuza uso ukutani. Alisema kwamba kijiji kizima kitamcheka. Fundi gani huyo, watasema, anaita stima halafu anaishika? Nilimwambia kwamba Nduta hachekwi, Nduta atafungwa. Nilimmenyea chungwa, nikamlisha kwa mkono, nikamwambia nitamngojea amwite afisa mwenyewe. Nimemngojea hadi leo.

Suad anajua nilichosikia, kwa kuwa nilimwambia siku ile ile niliyotoka wodini. Hakunikatalia kwamba ni kweli. Alisema, "Dada, sema tu ulikuwa unaangalia sindano. Huo si uongo." Nikamwambia kwamba kweli iliyokatwa nusu ili ifanye kazi ya uongo haina jina lingine. Akalia. Akasema Nduta ana jamaa zake na majengo ya jamaa zake huko Kawangware, na yeye ana Ramzy tu. Nduta hana jengo. Hata hoteli yenyewe amepanga. Lakini sikubishana naye zaidi, kwa sababu hakuwa akizungumzia majengo.

Kaka yetu mkubwa, Khalid, aliniita nyumbani kwake. Alisema, "Ukienda kusema hivyo, mtoto ataitwa mwongo na nyumba yake mwenyewe." Nilimwambia kwamba sitamwita jina lolote. Nitasema nilichosikia, na kila mtu atajichagulia jina. Akaniambia nimekuwa mwalimu mpaka nimesahau kuwa mtu. Niliondoka bila kumaliza chai, jambo ambalo katika nyumba ya baba yetu halijawahi kutokea.

Afisa ameniuliza kama Nduta, akiwa penye mita, angeweza kumwona Ramzy juu ya meza. Jana nilikwenda Gatina kuhakikisha. Nilisimama kwenye ujia, uso wangu ukielekea kizimba cha mita, mahali ambapo ni lazima asimame anayebonyeza namba. Mbele yako ni ukuta wa mawe. Dirisha la hoteli liko upande mwingine kabisa. Hata ukigeuka huoni ndani. Mtu yeyote anaweza kwenda kusimama hapo akajionea.

Nikiwa pale, Nduta alitoka kwa mlango wa nyuma. Alikuwa akisugua sufuria ambazo hazijapikiwa kitu tangu hoteli ifungwe. Nilidhani ataniuliza nimekuja kusema nini, au atanifukuza. Alisimama na sufuria mkononi, akasema, "Mwalimu, mkono wake uko aje?"

Nikamwambia kwamba daktari bado anatazama.

Akasema, "Mimi ile meseji ilichelewa nikaanza kuikasirikia. Niliitaka ikuje haraka." Kisha akaniuliza kama anaweza kumpelekea Ramzy supu, au kama nyumbani kwetu watakataa. Nilimwambia sijui. Hilo lilikuwa jibu la kweli, lakini nilipofika barabarani nililiona dogo, na ndiyo sababu leo nimeamka nikaja moja kwa moja bila kupita kwa mtu.

Ninaulizwa kama nina chuki na familia yangu au kama nimeahidiwa kitu na Nduta Ndegwa. Sina, na sikuahidiwa.

Ninasema hivi kwa ufupi ili pasiwe na shaka. Ramzy ndiye aliyemwambia Nduta aweke tokeni. Nduta aliziweka kwa sababu aliambiwa. Ramzy alipanda tena bila kumjulisha na bila kuzima swichi, kwa mazoea yetu sote ya kudhani kwamba tokeni zikiisha umeme umekufa. Sikuona nia mbaya kwa yeyote kati yao asubuhi ile. Kilichokuja baadaye ni cha aina nyingine.

Nikitoka hapa ninakwenda hospitali. Nitamwambia mwanangu nilichokisema, neno kwa neno, asije akakisikia kwa mtu mwingine. Akinifukuza nitakaa kwenye benchi la nje hadi anirudishe.

Keshokutwa baada ya sala ya Isha familia itakaa kwa Khalid iamue kama Suad na Ramzy wataondoa malalamiko yao au wataendelea nayo. Sijui wataamua nini, na huenda nisiitwe. Wakishaamua, nitakuandikia, Koplo, na nitaileta barua mimi mwenyewe. Lakini uamuzi huo ni wa malalamiko yao. Maneno haya ni yangu. Hayaungoji uamuzi wao, na hayatabadilika kwa ajili yake.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, nami nimeyatoa kwa hiari yangu.

Sahihi: F. F. Marjan

Maandishi ya afisa: Nimeyaandika haya kwa mkono kadiri shahidi alivyoyatamka, na nimemsomea yote kwa Kiswahili. Alisimama na kutembea hadi dirishani mara nyingi, lakini hakubadilisha jambo lolote alilolieleza. Karibu na mwisho, panapotajwa hospitali, nilikuwa nimeandika "mpwa wangu". Aliniomba kalamu, akalikata neno hilo, akaandika "mwanangu" kwa mwandiko wake, na akatia sahihi pembeni.

Koplo Angeline Omolo